Mwaka Leokadia Aliponitangulia Tanga

Mama Editha tulimzika siku ya Jumamosi. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile ile, na udongo wa Mkolani, Mwanza, uling'ang'ania viatu vya kila mtu. Mimi na mke wangu, Leokadia, tulikuwa tumesafiri kwa basi kutoka Tanga, tumefika miguu imevimba, na watoto wa marehemu wakatukataza kukaa kwenye viti vya wageni. Wakasema mahali petu ni pale walipokaa wanafamilia. Nikakaa, nikawa naitazama ile nyumba. Siku hizi ina bati jekundu na vigae barazani. Tulipokuwa wapangaji ilikuwa nyumba ya korido, vyumba vitatu huku na vitatu kule, haina dari, na kuta zake hazikufika juu, hivi kwamba ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho alikuambia pole. Mama Editha, mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi na mjane, alikaa vyumba viwili vya mbele. Sisi tulikaa kile cha nyuma, karibu na mawe makubwa tuliyoanikia nguo. Waliposimama watu kumsifu marehemu, Leokadia naye aliombwa aseme neno. Alirekebisha khanga mabegani akasema, "Mimi mama huyu alinisukuma kwenda Tanga. Mwenzangu huyu alimsukuma zaidi, maana alikuwa mzito." Watu wakacheka kicheko kile cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kiganja, naye akaketi. Tangu siku hiyo nimeona niyaandike, kwa sababu tuliobaki tunaoyajua ni wawili tu, na mmoja wetu ndiye aliyekosea.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na kila kitu mjini Mwanza kilikuwa kinafunguka. Waliokuwa wadogo wakati ule hawawezi kuelewa furaha ya kuingia dukani ukakuta sabuni za aina sita, wakati miaka michache tu nyuma tulipanga foleni kwa kipande kimoja cha sabuni ya mche. Redio zilikuwa zinamiminika kutoka Dubai, za rangi ya fedha, zenye kaseti mbili na taa zinazochezacheza, na zilikuwa zinaharibika upesi, jambo lililonifaa sana. Nilikuwa nimeacha kazi ya umeme katika kiwanda cha nguo kilichokuwa kinasubiri mnunuzi, nikapanga fremu karibu na soko kuu, nikaandikisha kibao kwa mchoraji: FUNDI MASANJA, REDIO, KASETI, TELEVISHENI. Televisheni sikuwahi kuigusa hata moja. Niliiweka pale kwa imani. Kila asubuhi nilipanda baiskeli kutoka Mkolani hadi mjini, na kabla ya kufungua mlango nilikuwa nasimama upande wa pili wa barabara nikisoma jina langu. Nasema haya ili ieleweke nilikuwa napenda nini.

Leokadia alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Alikuwa amesomea samaki chuoni, na alifahamu mambo ambayo mimi, niliyezaliwa nikila samaki, sikuwahi kuyafikiria: jinsi jicho la samaki linavyosema uongo, na kwa nini barafu iliyovunjwa vidogo ni bora kuliko bonge. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yale mafuvu na mifupa ya mgongo yenye nyama kidogo, aliyoyanunua pale nje ya geti kama mtu mwingine yeyote. Aliyakaanga yakakauka, kisha akayaunga na nyanya na bilinganya, tukawa tunayanyonya tukiwa tumekaa juu ya mkeka, mlango wazi. Na ndipo alipokuwa akinisimulia kazi yake. Pale kiwandani hakuwa akisikilizwa. Akisema shehena fulani irudishwe, msimamizi aliipitisha, na yeye aliambiwa aweke saini. "Siku moja," alisema akiwa ameshika mfupa, "nitakuwa mahali ambapo nikisema hapana, ni hapana."

Basi mapema mwaka ule mwalimu wake wa zamani alimletea habari kwamba Tanga kunafunguliwa kiwanda cha pweza na kamba, kampuni mpya ya watu binafsi, na wanatafuta mkuu wa maabara. Aliniuliza kama aombe. Nikamwambia omba. Alipoitwa kwenye usaili Dar es Salaam nilimsindikiza stesheni, nikamnunulia machungwa, nikamwombea heri mbele ya abiria wenzake. Majirani walisema Leokadia amepata mume wa kisasa. Ukweli, ambao ilinichukua miaka mingi kuusema kwa sauti, ni kwamba nilimruhusu kwa sababu niliamini hatapata. Waombaji walikuwa wanaume, wengine wenye shahada. Nilidhani atarudi na ule uchungu wa kukosa, nimpoze, tuendelee na mapanki yetu.

Barua ilikuja mwezi wa nne, kwenye sanduku la posta nililolikodi kwa ajili ya duka, kwa kuwa ndiyo anwani pekee tuliyokuwa nayo. Bahasha ya kahawia, jina lake limepigwa chapa. Niliifungua nimesimama palepale posta, watu wakinipita. Amepata. Nyumba ya kampuni, mshahara ambao sikuwahi kuuona kwenye karatasi yenye jina la mtu ninayemfahamu, na ombi kwamba ajibu kabla ya katikati ya mwezi wa tano na aripoti mwanzoni mwa wa sita. Nilirudi dukani, nikavuta droo ya chini ya meza ambamo niliweka transista na vipande vya waya, nikaiweka humo. Nilijiambia nitampa jioni. Jioni nikajiambia nitampa Jumapili. Ilikaa kwenye droo ile siku kumi na nane. Kila siku nilikuwa naitoa, naisoma, narudisha. Sikuwa nimeamua kuiharibu, wala kumpa. Nilikuwa nangoja tarehe ipite yenyewe, kama mwizi anayeomba mlango ujifungue.

Siku ya kumi na nane umeme ulikatika mjini tangu saa tano asubuhi. Fundi redio bila umeme ni mtu aliyekaa tu, kwa hiyo nilifunga duka nikaenda nyumbani. Kulikuwa kimya. Nilisimamisha baiskeli ukutani, nikaingia koridoni, na kabla sijafika kwenye pazia la kutokea uani nikasikia sauti. Leokadia alikuwa na zamu ya usiku wiki ile, kwa hiyo mchana alikuwa nyumbani. Yeye na Mama Editha walikuwa wamekaa uani wananyonyoa senene, wale panzi wa kukaanga, msimu ulikuwa umefika na Wahaya wote wa Mkolani walikuwa na furaha.

"Bado hawajajibu?" Mama Editha aliuliza.

"Bado, mama. Nimeacha kuhesabu."

"Si uwapigie simu?"

"Hapana. Labda Mungu ameona mbali." Kisha akaongeza, "Tena, mama, nikuambie ukweli? Nimepata nafuu. Ningemwambiaje Masanja afunge duka lile? Analipangusa kama mtoto. Hata wakijibu leo, nitawaandikia kwamba siwezi, na yeye nitamwambia nimekosa. Hatajua."

Nilibaki nimesimama nyuma ya pazia. Kumbe tulikuwa tunaificha barua ile ile, yeye kwa ajili yangu, na mimi kwa ajili yangu.

"Hatajua," Mama Editha alirudia, polepole, kama anayemsahihishia mtoto hesabu. Kisha akasema kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida yake: "Mimi niliitwa Dodoma zamani, kozi ya ukaguzi wa shule. Marehemu mzee akasema haiwezekani, nani atabaki na watoto. Nikabaki. Hakuwa mtu mbaya, hata kidogo. Nikamsamehe siku hiyo hiyo. Lakini kila mkaguzi alipoingia darasani kwangu na daftari lake akakaa kule nyuma, ilinibidi nimsamehe upya. Miaka ishirini na mbili, mwanangu. Kusamehe nako kunachosha."

Msibani, wakati tunanawa mikono baada ya chakula, Leokadia ndipo aliponiambia jambo ambalo Mama Editha alimwambia kwa siri miaka mingi iliyopita. Pazia lile lilikuwa fupi. Mama Editha alikuwa amekaa akilielekea, na aliviona viatu vyangu chini yake tangu nilipofika. Kila neno la Dodoma alilisema kwa viatu vyangu. Nilicheka mpaka mtu akanigusa bega kunikumbusha nilipo. Kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Mwanamke yule angeweza kunitaja, nikaaibika mbele ya mke wangu, nikajitetea, na mtu akishaanza kujitetea hachelewi kuamini utetezi wake. Aliniachia nafasi ya kujirudi mwenyewe. Sina deni kubwa kuliko hilo duniani.

Siku ile nilirudi nyuma kwa vidole, nikachukua baiskeli, nikaendesha tena hadi mjini kwenye jua la saa saba, nikafungua duka lisilo na umeme, nikaitoa barua. Nilimpa jioni tukila, kabla hajaenda zamu. Alifuta mikono kwenye khanga. Alisoma mpaka mwisho, akaanza tena juu, na uso wake ukang'aa hivi, kisha akaigeuza bahasha akauona muhuri wa posta.

"Imekuja lini?"

"Mwezi uliopita. Tarehe ishirini."

"Ilikuwa wapi?"

"Dukani. Kwenye droo."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Mara ngapi?"

Nilimwambia kila siku. Aliikunja vizuri, kwa mikunjo yake ile ile, akaiweka kwenye mkoba wa kazini. Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alikusanya vyombo, akaviosha uani, akaviinamisha kimoja kimoja juu ya kichanja, akarudi akasimama mlangoni na viatu vyake vya kazi mkononi. "Masanja, mimi nitakwenda," alisema. "Nilikuwa nimeshajikatalia mwenyewe kwa ajili yako, na sikuona shida. Lakini sasa siwezi tena kujikatalia, kwa sababu nitakuwa nimekataliwa na wewe. Kesho nitapiga simu Tanga niulize kama nafasi bado ipo. Ikiwepo, naenda. Wewe amua lako."

Nafasi ilikuwepo. Kwa siku nne baada ya hapo alinipikia, akaniwekea maji ya kuoga, na hakuniambia neno lisilohusu chumvi au mkaa. Siku ya tano nilifunga duka nikapanda kivuko kwenda Kamanga, nikatembea hadi kwa mama yangu. Nilijiambia naenda kuomba ushauri. Nilimkuta na baba yangu mdogo, Lushinge, ambaye alikuwa amefika kuangalia ng'ombe mgonjwa. Nikawasimulia yote isipokuwa droo. Mama aliendelea kusonga ugali wa muhogo, mgongo wake umenielekea. Baba mdogo hakungoja hata chakula kiive. "Ng'ombe jike akihama zizi, dume hafuati akilia," alisema. "Mwanaume haolewi, Masanja. Utaonekana nani huko? Utakuwa unakaa nyumbani unachambua mchele, mkeo yuko kazini?" Nakiri kwamba maneno yale yalinitia nguvu. Ndiyo niliyoyafuata kule. Nilimgeukia mama nikitegemea amalizie.

Mama aliweka sahani ya ugali katikati yetu, na bakuli la samaki furu na mlenda. Akanawa, akakaa. "Umekuja nikukataze," aliniambia.

"Hapana, mayu. Nimekuja unishauri."

"Anayeomba ushauri wa nyumba yake huja na mke wake." Alimega tonge, akalichovya. "Nikisema usiende, utamwambia, mama amekataa. Nikisema nenda, siku likiharibika utasema, mama ndiye aliyenifukuza. Mimi nimeshazeeka, sitaki kuwa mlango wa mtu kujificha. Kula."

Baba mdogo alicheka akadhani mama anatania. Mimi nilijua hatanii. Tulikula. Furu walikuwa watamu, nakumbuka, na sikuweza kuwamaliza. Wakati naaga, mama aliingia ndani akatoka na kifurushi cha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, amekifunga kwa kipande cha khanga. Nilinyoosha mkono. "Si yako," akasema. "Mpelekee mkwe wangu. Mwambie huko pwani sijui wanakula nini, lakini hii haiozi." Kwenye kivuko nilikaa juu ya gunia la mtu nimekipakata kifurushi kile, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba mama ameshakubali Leokadia aende, na kwamba katika jambo hili mtu asiyejua anataka nini ni mimi peke yangu.

Leokadia alikifungua, akaweka mchembe mmoja mdomoni, akautafuna muda mrefu maana ulikuwa mgumu. "Mama mzima?" akauliza. Nikasema mzima. "Mwambie nimeshukuru." Yalikuwa maneno manne tu, lakini yalitoka kwa sauti yake ya zamani, na jioni hiyo tulikaa pamoja mkekani. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, ila nisimwombe asahau, kwa sababu anataka akumbuke ni kwa nini hakuningoja. Mpaka leo naona alisema kweli tupu. Angeningoja wakati ule, ningeendelea kumngojesha.

Aliondoka mwishoni mwa mwezi wa tano. Mama Editha alikuja stesheni na shuka jipya na chupa ya chai. Nilipandisha masanduku, nikasimama chini ya dirisha lake, na filimbi ilipopigwa nikasema, "Nitakuja, Leo." Aliinama dirishani. "Usiniahidi hapa," alisema. "Stesheni kila mtu anaahidi." Treni ikaondoka na yule mke wangu, akiwa amevaa gauni la bluu alilokwenda nalo kwenye usaili, akitazama mbele.

Nilibaki na chumba. Nilidhani Mama Editha atanionea huruma na kuniletea chakula, kwa kuwa alikuwa mkarimu mno, lakini hakuniletea hata bakuli. Siku ya tatu aliniita uani, akanipa kisu na mkungu wa ndizi. "Paka mikono mafuta kwanza, utomvu usikushike," akasema. "Hapana, usimenye kama chungwa." Alinifundisha ndizi na maharage, kisha mchuzi wa dagaa, kisha namna ya kujua mkaa umekolea bila uso kufunikwa na moshi. Wapita njia walinikuta nimechuchumaa mbele ya jiko. Mafundi wenzangu pale sokoni walipata habari, wakawa wananiuliza leo nimepika nini. Nilichukia wiki mbili. Ya tatu nikawa nawajibu kwa kirefu, na mmoja wao, ambaye mkewe alikuwa amejifungua, akanivuta pembeni akaniuliza maharage yanalowekwa saa ngapi.

Barua za Leokadia zilikuja kila baada ya wiki mbili. Ziliandikwa kama anavyozungumza. Huku hata maharage yanaogelea kwenye nazi. Huku watu wanasalimiana mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Pweza akipigwa vizuri analainika, akipigwa vibaya anakuwa mpira. Chumvi imekula bawaba za dirisha. Wiki ya nne alikataa shehena ya kamba, mwenye kiwanda akaja mwenyewe maabara akamwuliza sababu, akamweleza, na shehena ikarudishwa. "Nilisema hapana, ikawa hapana," aliandika, na akapigia mstari. Nilisoma barua ile nimesimama posta, mahali pale pale niliposoma ile ya kwanza, na nililia bila kujificha. Katika barua zote hakuniuliza hata mara moja kama nitakwenda. Na mimi katika zangu niliandika habari za mvua, za Mama Editha, za wateja, nikizunguka lile jambo kama mtu anayezunguka shimo.

Mwezi wa tisa daktari mmoja aliniletea televisheni. Alikuwa ametoka nayo ng'ambo, anaitumia kutazama kanda za video, na ilikuwa imekufa. Nilimwambia ukweli kwamba sijawahi. Akasema kibao chako kinasema umewahi. Nilikaa nayo siku nne nikiwa na kitabu cha michoro, nikiogopa kupigwa na umeme wake, na alasiri ya siku ya nne nikabadilisha kipande kidogo kisichozidi punje ya hindi, nikawasha, na picha ikafunguka. Watu walijaa mlangoni. Daktari alinishika mkono mbele yao wote. Nilifunga duka mapema nikaendesha baiskeli kama kijana wa shule, nikiwa tayari nimeshapanga nitaanzia wapi kusimulia: kitabu, zile waya, hofu, picha. Nikafungua mlango wa chumba. Kitanda kimetandikwa, sufuria imeinamishwa, kimya. Nikasimama pale na habari yangu yote mdomoni. Nikaenda kumgongea Mama Editha. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nilimsimulia yote nimesimama mlangoni, akanisikiliza kalamu ikiwa juu, nilipomaliza akasema, "Hongera sana, Masanja. Sasa funga mlango, mbu wanaingia."

Nilirudi chumbani nikakaa juu ya kitanda nikicheka peke yangu. Duka lilikuwa linakwenda vizuri, na siku ile ndiyo ilikuwa bora kuliko zote. Sikuhama kwa sababu nilishindwa Mwanza, nataka hilo lieleweke, maana wengi walilisema hivyo na wengine wanalisema bado. Nilihama siku mambo yaliponinyookea, kwa sababu niligundua kwamba nusu ya raha ya lile duka ilikuwa kumsimulia Leokadia mambo ya duka. Nilichukua karatasi nikaandika sentensi moja: nakuja mwezi wa kumi na moja. Sikueleza sababu. Sikuomba maoni ya mtu. Fremu nilimwachia fundi yule wa maharage, akapaka rangi juu ya jina langu akaandika lake. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikalisoma, nikalisoma tena, sitasema uongo. Baba mdogo Lushinge hakuja kuniaga, na ilipita miaka mitatu kabla hajazungumza nami. Mama alikuja mjini na kivuko cha asubuhi. Alinipa kuku mmoja aliye hai, ambaye nilimwacha kwa Mama Editha, na hakutoa wasia wowote.

Tumekaa Tanga tangu wakati huo. Watoto wetu wawili wamezaliwa huko na wanazungumza Kiswahili ambacho bibi yao alikuwa anakicheka. Mwaka wa kwanza sikupata kazi ya maana, nikapika, nikafua, nikajifunza nazi, na zipo siku nilimchukia kila mtu. Baadaye nikaanza kutengeneza redio za vyombo vya uvuvi na mitambo ya vyumba vya baridi, na mpaka nilipostaafu sikuwahi kukosa kazi. Leokadia aliongoza maabara ile mpaka kampuni ilipobadilisha wenyewe mara mbili. Nimeishi maisha mema kuliko niliyostahili, na nimeyapata kupitia wanawake watatu waliokataa, kila mmoja kwa njia yake, kuniamulia. Lakini ninapoukumbuka mwaka ule sikumbuki sana hayo. Nakumbuka asubuhi niliyofika.

Nilikuwa nimelala mara mbili kwenye treni hadi Morogoro, kisha basi, na nilishuka Tanga kama saa tatu asubuhi nikiwa na begi na sanduku langu la vifaa. Tarehe sikuwa nimemtajia. Niliuliza njia, nikatembea. Hewa ilikuwa nzito, ina ladha. Kwenye geti la kiwanda kulikuwa na mlinzi mzee mwenye kofia ya kufuma, amekaa kwenye kibao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamtaka nani?"

"Bi Leokadia, wa maabara."

Alilitazama sanduku langu. "Yuko kazini. Nawe ni nani? Wauza vifaa?"

Mwanza nzima Leokadia alikuwa anaitwa mke wa fundi Masanja. Sikuwahi kufikiria neno hilo lina upande wa pili. Nilivuta pumzi, nikajiandaa kuumia. "Mimi ni mume wa Leokadia," nikasema, na haikuuma popote.

Mzee aliinuka kutoka kwenye kibao chake. "Ala! Ndiwe wewe?" Akanipokea sanduku kwa mikono miwili. "Pita, shemeji, pita. Tangu aje, kila siku atwambia, mume wangu yuaja. Nasi twasema, maskini, ajifariji tu."

Nilisimama palepale getini. Barua zote zile, na hakuandika hata neno moja la hilo. Mtu mwingine alikuwa ameshakwenda kumwita, na baada ya kitambo Leokadia akatokea kwenye kona ya jengo, amevaa buti nyeupe za mpira na kofia nyeupe iliyomficha nywele, anavua glovu huku anatembea. Aliponiona hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wake ule ule, akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Umekula?" akauliza.

Nikasema sijala.

Akamgeukia mlinzi, macho yamejaa machozi, kidevu kiko juu. "Mzee," akasema, "si nilikwambia?"